Maswali ya wasomaji: Mbona Wakatoliki wengi siku hizi wanaona Ekaristi ni alama tu?

Tumsifu Yesu Kristo wasomaji wetu. Barua za mwezi huu nyingi zimegonga sehemu moja, Ekaristi, yani ule mkate na divai vya Misa tunavyopokea kama Komunyo, kwahiyo nimezikusanya nizijibu kwa pamoja. Ya kwanza ndo nitakaa nayo zaidi.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Mwalimu. Mimi ni mama wa Kitanzania, naishi Houston, Marekani, miaka mingi sasa. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 21, alibatizwa nyumbani, Komunyo ya kwanza na Kipaimara kapatia huku. Juzi kwenye foleni ya Komunyo namwona anatafuna bigijii! Tulivyofika kwenye gari nikamuuliza we mtoto vipi, akanijibu wala hana hasira, eti mama ile si ni alama tu, kila mtu anajua, na Kanisa lenyewe ndo linafundisha hivo. Nilinyamaza, maana hilo la mwisho ndo lilinimaliza. Nimewahi kusikia kwamba theluthi mbili ya Wakatoliki wa Marekani hawaamini tena, ni kweli? Na imekuaje? Sisi tulilelewa ukiingia kanisani unatafuta ile taa nyekundu unapiga goti, hapa parokiani kwetu tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, wameiweka chumba cha pembeni, siku ya kwanza nimepiga goti vizuri kabisa, nainua kichwa naona piano. (Mama wa Houston)

JIBU: Milele amina mama. Nimecheka hilo la piano alafu nikaona wala sio la kucheka, nitalirudia.

Takwimu ulizosikia ni za kweli. Zilitoka Agosti 2019, ni za Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya kule Washington. Waliwapa Wakatoliki swali lenye majibu mawili tu, kwamba kwenye Misa mkate na divai vinakuwa kweli Mwili na Damu ya Yesu, au ni alama ya Mwili na Damu ya Yesu. 31% wakasema vinakuwa kweli, 69% wakasema alama. Magazeti mengi yaliishia hapo, maaskofu wakashika vichwa, mitandaoni watu wakaanza kutupiana lawama. Lakini ukisoma ule utafiti mpaka ndani unakutana na mwanao kabisa: 43% walisema ni alama NA wakasema hilo ndo fundisho la Kanisa. Wale wanaojua Kanisa linasema nini alafu wakalikataa walikuwa 22%. Yani kundi kubwa kuliko yote sio waasi, hawajagombana na Kanisa hata kidogo, wanajiona wako sawa na Papa. Mwanao hajakataa kitu, ili ukatae kitu lazima kwanza uwe umeambiwa.

Sasa wako wanaosema zile takwimu ni za uongo. Mwaka 2022 kituo cha utafiti cha CARA, kilichopo Chuo Kikuu cha Georgetown, kiliuliza tena kwa maswali yaliyopangwa tofauti, majibu yakatoka 2023: 64% wanaamini Yesu yupo kweli kwenye Ekaristi. Karibu kinyume kabisa cha yale ya kwanza! Hapo hakuna aliyedanganya, ni jinsi ya kuuliza. Kanisa lenyewe linafundisha kwamba sakramenti ni ishara, ila ishara inayoleta kile inachokionyesha, sa mtu ukimbana achague "kweli" au "alama" anaweza kuchagua alama wakati anapiga goti kwa imani yote. Hoja hiyo naikubali. Ila siwapendi wanaoitumia kufunga mjadala, maana hata kwa CARA karibu nusu ya watu hawakujua fundisho lenyewe ni lipi, na hilo huwezi kulisingizia swali.

Kitu ambacho tafiti zote mbili zinakubaliana, na mimi ndo nakiona kiini cha jambo zima, ni Misa. Kwa Pew wanaokwenda kila wiki walioamini walikuwa 63%, kwa CARA 95%. Wanaokwenda kwa kudonoadonoa imani inashuka. Na wanaokwenda wamepungua sana, Gallup, shirika la kura za maoni, walipouliza mwaka 1955 Wakatoliki 75% walisema walikuwa kanisani ile wiki, na kwa wastani wa 2021 mpaka 2023 wanaosema wanakwenda kila wiki au karibu kila wiki ni 33%. Watu wengi wanadhani mtu huacha kuamini alafu ndo anaacha kwenda. Wapo, ila wengi naona ni kinyume, anaacha kwenda kwanza, kahama mji, kapata shifti za Jumapili, ndoa imeyumba, korona imekuja Misa ikawa ya kwenye simu umekaa kwenye kochi, na imani inakatika taratibu yeye mwenyewe hana habari. Ni kama Kiswahili cha watoto wenu huko, hakuna mtoto aliyewahi kukaa chini akaamua kukiacha, hakikusemwa nyumbani basi kikaisha, anakuelewa ukiongea ila anakujibu kwa Kiingereza.

Alafu jiulize nani alikuwa anawafundisha. Mwaka 1965 Marekani ilikuwa na masista karibu 180,000, leo hawafiki 40,000. Shule za Katoliki miaka ya mwanzo ya 60 zilikuwa na watoto zaidi ya milioni 5, saivi ni kama milioni 1.7. Sista alikuwa darasani na mtoto siku tano za wiki, kwa posho ndogo, maisha yake yote. Aliyechukua nafasi yake ni mzazi wa kujitolea, saa moja ya Jumapili, mwenyewe alifundishwa nusunusu miaka ya 70 wakati vitabu vingi vya katekesi huko vilikuwa vinakazia upendo na meza ya pamoja na jumuiya, mambo mazuri tu, lakini mtoto anamaliza hajawahi kuambiwa waziwazi kwamba ile sio mkate tena. Sio kwamba walimwambia uongo, waliruka tu. Mtoto kapata Komunyo ana miaka 7 au 8 na mafundisho yakaishia hapo, mtu wa miaka 40 anaishi na maelezo aliyopewa akiwa darasa la pili.

Sasa piano. Wengi, hasa wazee na wale wapenzi wa Misa ya Kilatini, watakwambia imani ilipotea siku watu walipoanza kupokea Komunyo mkononi badala ya mdomoni. Mimi sikubaliani nao. Marekani iliruhusiwa 1977, sawa, ila kupokea mkononi ni kwa kale kabisa, mafundisho ya Yerusalemu ya karne ya 4 yanayohesabiwa kuwa ya Mt. Sirili yanaelekeza uweke mkono wa kushoto uwe kiti cha enzi cha ule wa kulia kwa sababu unampokea Mfalme. Hao walipokea mkononi na waliamini kuliko sisi. Tatizo ni kwamba vitu viliondoka vingi kwa wakati mmoja na hakuna aliyeeleza kwanini: kufunga tangu usiku wa manane kukaisha, vile vizuizi vya kupigia magoti mbele ya altare vikang'olewa, foleni ya kitubio ikapotea, maandamano ya Ekaristi mtaani yakaachwa sehemu nyingi, tabernakulo ikahamishiwa chumbani. Kila kimoja peke yake kina maelezo yake ya kiliturujia na mengine mazuri kabisa, ila mtu wa kawaida hasomi hati za kiliturujia, anasoma magoti ya watu. Mtoto aliyekulia kanisa ambalo mtu anaingia na kikombe cha kahawa, anakaa, anapiga stori, wakati wa Komunyo anatokea msimamizi anaelekeza benchi kwa benchi nyote mnasimama mnakwenda, nani kamfundisha kwamba pale kuna kitu? Wewe ulipiga goti kwa piano kwa sababu mwili wako ulifundishwa kabla ya akili. Yeye mwili wake haukufundishwa chochote.

Na hili la kwenda wote ni jipya kuliko tunavyodhani. Zamani watu walipokea mara chache mno mpaka Mtaguso wa Laterano, yani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1215 ukaweka sheria angalau mara moja kwa mwaka, kipindi cha Pasaka! Papa Pius X ndo mwaka 1905 alihimiza watu wapokee mara kwa mara hata kila siku, na 1910 akashusha umri wa watoto mpaka kama miaka 7. Alifanya vema, sina neno. Ila angalia tulipofika, wale waliokuwa wanaogopa kusogea waliamini, sisi tunaosogea wote bila hata kujiuliza ndo tunahesabiwa asilimia.

Yapo na mengine nayapitia haraka. Marekani Mkatoliki anaishi katikati ya Waprotestanti, anaoa huko, anasali huko siku za harusi na misiba, na wengi wao mkate ni wa ukumbusho tu. Sio wote lakini, mwaka 1529 pale Marburg, Ujerumani, Luther, yule Walutheri wanakotokea, alikaa mezani na Zwingli, mwanamageuzi wa Uswisi aliyesema ni alama, wakabishana jambo hilihili, inasimuliwa Luther alichukua chaki akaandika juu ya meza yale maneno ya Kilatini ya "huu ni mwili wangu" akagoma kusogea hata nukta, wakaachana hawajaelewana. Kwahiyo ukimwambia Mlutheri mwenye msimamo kwamba ni alama tu hata yeye atakushangaa. Jingine ni kashfa za mapadre kunajisi watoto, zilizofichuka Boston 2002 na kwenye ile ripoti ya Pennsylvania ya 2018. Kitheolojia utasema sakramenti haitegemei utakatifu wa padre, ni kweli, ila nenda kamwambie hivo mzazi wa mtoto aliyeumizwa na mikono ileile iliyoinua hostia, ule mkate wa Komunyo.

Maaskofu wa huko hawakulala. Kuanzia Juni 2022 walianzisha mpango wa kuhuisha imani ya Ekaristi, watu wakatembea na Sakramenti Takatifu miezi miwili kutoka pande nne za nchi, wakakutana Indianapolis Julai 2024, zaidi ya watu 50,000 kwenye uwanja wa mpira wamepiga magoti kimya. Ukitazama video zake unasisimka. Ila waliokwenda ndo walewale wanaoamini, mwanao hakuwepo.

Ushauri wangu: hilo la bigijii usilifanye kesi, kijana wa 21 ukimgombeza unampoteza. Mwambie kwa upole kwamba Kanisa halifundishi hivo anavyodhani, hapo utakuwa unampa habari tu hujamshambulia, na ni habari hajawahi kuipata. Alafu soma naye Yohana sura ya 6 yote, msiruke. Watu wanamsikia Yesu anasema mwili wake ni chakula kweli, wanasema neno hili ni gumu, wengi wanarudi nyuma wanamwacha, na yeye HAWAITI awaambie jamani ngojeni nilikuwa natania, ni mfano. Anawageukia wale Kumi na Wawili anawauliza na ninyi mnataka kuondoka? Muulize mwanao yeye anaonaje hapo. Na siku moja moja mpeleke kwenye hicho chumba cha pembeni, kaeni tu, usimhubirie.

SWALI: Mwalimu mi nasoma kemia chuo hapa Mbeya, nimelelewa Katoliki na sijaacha kusali, ila nisaidie. Ukichukua hostia baada ya mageuzo, yani padre akishaigeuza, ukaipeleka maabara utakuta wanga wa ngano, hamna seli ya damu wala nini. Sasa mnaposema "kweli" mna maana gani? Maana kama kipimo kinasema ngano basi wale 69% wako sahihi. (Mkemia)

JIBU: Mkemia, maabara utakuta ngano na Kanisa linajua utakuta ngano. Halijawahi kufundisha kwamba molekuli zinabadilika. Kinachofundishwa, na Mtaguso wa Trento ulikisema wazi mwaka 1551, ni kwamba maumbo ya mkate na divai yanabaki, yani rangi, ladha, uzito, hizo kemikali zako zote, ila kile kitu chenyewe, kile kinachojibu swali la "hii ni nini?", kinakuwa Kristo mzima. Kipimo chako kinapima maumbo, kinafanya kazi yake vizuri, ila hilo swali lingine hakiliwezi.

Kama unaona hiyo ni janja ya kukwepa, angalia Kanisa linavyojiendesha lenyewe. Wapo watu ambao gluteni ya ngano inawaharibu utumbo, na Mkatoliki mwenye huo ugonjwa akipokea hostia ya kawaida anaumwa vilevile, hakuna anayemwambia we amini tu hautaumwa. Anaruhusiwa hostia zenye gluteni kidogo sana, na Vatikani ilirudia mwaka 2017 kwamba zisizo na gluteni kabisa hazifai kwa sababu huo sio mkate wa ngano. Padre mwenye ulevi anaweza kuruhusiwa atumie maji ya zabibu ambayo hayajachachuka vizuri, maana divai iliyogeuzwa bado italewesha. Hao sio watu wanaodhani kemia imebadilika.

Neno zito la kifalsafa la mgeuko huu, transubstantiatio kwa Kilatini, lililotumika Laterano 1215, alafu Mt. Tomaso wa Akwino akalifafanua, lilikuja baadaye, ila imani yenyewe ni ya mwanzo. Mt. Ignasi wa Antiokia, anapelekwa Roma kuuawa kwenye miaka ya mwanzo ya karne ya 2, anawaandikia watu wa Smirna kuhusu kundi linalojitenga na Ekaristi kwa sababu hawakiri kwamba ni mwili wa Mwokozi wetu. Yani wasioamini walikuwepo hata kabla Agano Jipya halijakusanywa likawa kitabu kimoja, wale ndugu wa Marekani hawajagundua kitu. Mimi ukiniuliza kama naweza kukuthibitishia, jibu ni hapana, padre akimaliza kugeuza tunaimba Fumbo la imani, hatuimbi matokeo ya maabara. Ila usikatae kitu ambacho hakuna aliyekisema.

SWALI: Mimi naona mnahangaika bure na matatizo ya Wazungu. Huku kwetu Moshi Misa ya kwanza unafika umechelewa dakika tano unasimama nje chini ya mti. Imani ipo. (Baba Prisca)

JIBU: Baba Prisca ni kweli kanisa limejaa, na ni kweli huku mtu ambaye ndoa yake haijabarikiwa anakaa kwenye benchi miaka na miaka anatazama wenzake wanakwenda, wengine machozi yanawatoka, huyo huwezi kumwambia ni alama. Mtu halii kwa sababu ya alama. Nairobi Agosti 1985 ilipokea Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, Papa Yohane Paulo II akaja mwenyewe, sisi sio wageni kwenye jambo hili.

Lakini usijisifu mapema. Vipo vigango, yale makanisa madogo ya parokia, padre anafika mara moja kwa mwezi au zaidi ya hapo, Jumapili nyingine katekista anaongoza ibada, watu wanasoma, wanaimba, wanatoa sadaka, wanakwenda nyumbani. Nawaheshimu sana makatekista, wao ndo wamelibeba Kanisa hili mgongoni, ila mtoto anayekulia hapo anaanza kuona Misa na ibada ni kitu kimoja, tofauti ni yule aliyevaa kanzu. Na mafundisho yetu ya Komunyo ya kwanza ni maswali na majibu ya kukariri, mtoto anakujibu fasta kama risasi, ukimwambia haya nieleze kwa maneno yako anakutazama. Wakishapata Kipaimara unawaona tena lini? Siku ya ndoa, kama ipo. Juzi kwenye Misa moja ya shukrani nimeona mpiga picha wa video kapanda ngazi za altare wakati padre anainua hostia, kamgeuzia tabernakulo mgongo, anahangaika na taa yake apate sura ya bibi harusi, na hakuna mtu aliyemshusha, wazee wa Kanisa wapo, wanatazama. Marekani nako hawakuanza na asilimia.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu. Nauliza tu, nikinywa maji kabla ya Misa nimevunja mfungo? Mama mkwe ananikatalia nisiende kupokea. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hujavunja. Mama mkwe usimbishie kwa ukali maana kalelewa na watu waliofunga tangu usiku wa manane hata tone la maji hawagusi, ndo ilivyokuwa mpaka 1953 Papa Pius XII aliporuhusu maji, 1957 akafanya mfungo uwe masaa matatu, na 1964 Paulo VI akaushusha mpaka saa moja. Saa moja inahesabiwa kabla ya kukomunika, sio kabla ya Misa kuanza, kwahiyo kwa Misa zetu zilivyo ndefu mtu anaweza kula mkate mlangoni na bado akawa ndani ya sheria, jambo ambalo mimi silipendi ila sheria ndo hiyo. Maji na dawa havivunji, na wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wamesamehewa. Chai inavunja, hata kama haina sukari.